Hesabu kwanza, vipaumbele baadaye

Kuna dhana iliyoota mizizi hapa Moshi kwamba bajeti ni habari ya Juni. Juni ndipo Waziri wa Fedha anaposimama Dodoma na mkoba wake, redio zote zinamrusha hewani, na kijiweni tunatega sikio kwa jambo moja tu: bia imepanda au haijapanda. Lakini ile bajeti inayoamua kama shule ya jirani itapata matundu ya vyoo, au kama soko litawekewa taa, baraza la madiwani huwa limeshaipitisha Januari au Februari. Maandalizi yake huanza tangu Oktoba, kwenye vikao ambavyo ukipanga viti ishirini, kumi vitarudi stoo bila kukaliwa.

Naandika haya kwa sababu ya diwani mmoja wa huku kwetu, mama muuza pembejeo, ambaye Oktoba 2023 aliamua kugombana na kalenda hiyo. Kata yake sitaitaja, wala sitasema kama ni ya Manispaa au ya Halmashauri ya Wilaya. Ofisi za zote mbili ziko mjini humuhumu, na sisi tunajuana mno. Mimi nimestaafu ualimu wa hisabati, na nina ugonjwa wa kusoma makabrasha ambayo wenzangu wanafungia maandazi. Ndiyo sababu alinijia.

"Mwalimu," akaniambia, "nimekaa barazani miaka mitatu. Kila Februari nanyoosha mkono kupitisha kitabu kinene kama Biblia nilichopewa siku chache kabla. Mwaka huu sinyooshi mkono kabla sijajua mkono wa mwaka jana ulizaa nini."

Nikamwambia Februari atakuwa amechelewa. Hapo ndipo tukaanza.

Kwa asiyejua mzunguko wenyewe: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kwenye mitaa kwa mjini, na vijiji kwa wa vijijini, wananchi wanatakiwa kukaa na kuibua mahitaji yao kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mahitaji hayo yanapanda kwenye WDC, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo yanakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, ambao wanayabana ndani ya ukomo wa bajeti uliotoka juu na kuyaingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia bajeti. Kisha kamati za madiwani, baraza, mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), na mwisho Bunge. Ukiitazama njia hiyo utaona kwamba mwananchi ana mlango mmoja tu wa kuingilia, uko mwanzoni kabisa, na hufungwa kabla ya Krismasi.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza hata mimi ninayependa kalenda. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, na Bunge hupewa Aprili. Ripoti hizo zinahusu mwaka ulioisha Juni iliyopita. Maana yake, baraza linapokaa Februari kupanga mwaka ujao, ripoti itakayosema fedha za mwaka uliofungwa zilikwenda wapi bado haijasomwa hadharani. Tunapanga kwanza, tunahojiwa baadaye. Aprili inapofika magazeti yanajaa habari za makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, yasiyofika benki, watu wanapiga kelele wiki mbili, na bajeti mpya tayari iko Dodoma.

Kwa hiyo Mama Diwani akanunua kaunta buku. Tukaketi dukani kwake, katikati ya magunia ya mbolea na harufu ya dawa ya kuua wadudu wa nyanya, tukachora safu nne. Kilichoombwa. Kilichoingia kwenye bajeti. Fedha iliyopokelewa. Hizo tatu nilimsaidia. Ya nne aliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: Kilichoonekana kwa macho.

Kikao cha WDC kilikuwa na ajenda ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa huko anaijua. Ya tatu ilisomeka "Kuibua vipaumbele vya mwaka 2024/25". Kwa kawaida wenyeviti wa mitaa au vijiji wanasoma orodha zao, mtendaji anaandika, soda zinagawiwa, watu wanatawanyika. Orodha zinafanana na za mwaka jana kwa sababu mara nyingi ndizo za mwaka jana, zimebadilishwa tarehe. Safari hii diwani akaweka kaunta buku mezani akasema ajenda ya tatu itasubiri.

"Itasubiri nini, Mheshimiwa?" akauliza mtendaji.

"Ya mwaka jana. Tuliomba nini, kikaingia nini, ikaja shilingi ngapi."

"Mheshimiwa, mimi nimehamia hapa mwezi wa tano. Jalada hilo sikukabidhiwa."

"Jalada halihami na mtu, kaka. Angalia kabatini, tunakusubiri."

Watu wakacheka, yeye akabaki vilevile. Jalada likapatikana chini ya katoni la stakabadhi za zamani, likiwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Ndani yake orodha ya mwaka uliotangulia: mahitaji kumi na saba, yote yameandikwa "kipaumbele", hakuna hata moja lenye gharama pembeni. Hapo sikuwalaumu wataalamu wa halmashauri. Ukimpelekea mchumi mambo kumi na saba yenye uzito sawa na yasiyo na bei, yeye ndiye anayebaki kuchagua, na atachagua kwa vigezo vyake.

Mzee mmoja mwenyekiti, meku tunayemheshimu, asili yake Uru, akaomba nafasi. Akasema kwao mlimani, ukitaka zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa asili, kwanza unaulizwa kama ulifika siku ya kuzibua. Hukufika, unalipa faini, ndipo unapewa zamu. "Sasa huku," akasema, "tunaomba zamu mpya, na waliokosa kuzibua hatuwajui." Sijasikia mtaalamu wa fedha aliyeeleza vizuri zaidi.

Kitu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni zahanati. Nchini kote kuna hizi nyumba tunazoziita maboma: wananchi wanachanga, wanafyatua tofali, wanapandisha kuta mpaka lenta, halafu wanaingoja serikali ipaue na kumalizia. Mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na maelfu ya watu wakaingia barabarani na machepe kwa moyo huo. La kwetu limesimama kwenye lenta. Ndani limeota mipapai miwili inayozaa, na nondo zilizochomoza juu ya nguzo zimekula kutu mpaka zinaacha unga mwekundu mkononi ukizishika. Watoto wanalitumia kwa kombolela.

Tulikuwa na vitabu vya bajeti vya miaka mitatu. Nikatafuta zahanati hiyo kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka wa kwanza iliandikwa "ujenzi wa zahanati". Wa pili, "ukamilishaji wa boma la zahanati". Wa tatu, "umaliziaji wa jengo la kutolea huduma za afya". Jengo ni lilelile, mipapai ni ileile, ila kwenye kitabu ni miradi mitatu isiyojuana. Huwezi kufuatilia kitu kinachobadilisha jina kila mwaka. Sidhani kama kuna aliyekaa akapanga hila. Kila mwaka huingiza takwimu mtu mwingine, na kila mtu ana Kiswahili chake. Lakini matokeo hayana tofauti na hila. Kiasi kilikuwa kilekile cha milioni 50 ambacho serikali imekuwa ikitoa kwa kila boma la zahanati. Safu ya fedha iliyopokelewa: dashi, dashi, dashi.

Hapa ndipo wengi tunapojichanganya. Kitabu cha bajeti ni ruhusa ya kutumia fedha zikija. Zisipokusanywa au zisipoletwa, ruhusa inabaki karatasi. Na zikija zikachelewa kutumika, ikifika Juni 30 bakaa linaweza kurudi Hazina. Mtu anasimama kwenye mkutano anasema "tumetengewa milioni 50", watu wanapiga makofi, na kwa kweli hakuna kilichotokea.

Basi Mama Diwani akaenda kwenye baraza la robo ya kwanza akiwa na swali moja. Kipindi hicho ndicho taarifa za Julai hadi Septemba zinasomwa, na wajumbe wengi huipitia kama salamu. Yeye akauliza: katika miradi ya mwaka uliofungwa Juni, ipi haikupata hata shilingi, na mwaka ujao itaitwaje? Jibu alilopewa lilikuwa la kiungwana. Mtaalamu alikiri majina yanabadilika, akaahidi orodha. Orodha ilikuja baada ya wiki kadhaa na simu nyingi. Nasema hili kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba diwani aligonga meza. Hakugonga meza. Alipiga simu, na diwani hana karani wala mchumi wake wa kumpigia.

Tena huyo huyo asiye na karani ndiye anayesimamishwa njiani kuulizwa kila kitu. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo ina bajeti yake. Maji yana mamlaka yake. Kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi na kuanzia Julai 2023 shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, haipiti mikononi mwa diwani, na bado kila anayenunua umeme huamini amempa diwani wake hela. Ukitoa hayo yote, baraza linabaki na ruzuku ambayo sehemu kubwa imeshapangiwa matumizi, na mapato ya ndani: leseni, ushuru wa masoko, vibanda, ushuru wa huduma. Hapo ndipo diwani ana sauti ya kweli, na hapo ndipo ningetaka tumbane, badala ya kumkunjia uso kwa shimo la TARURA.

Kuhusu zile asilimia kumi za mapato ya ndani zinazokopeshwa vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, hakukuwa na la kufanya mwaka ule, maana mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG. Alichofanya ni kuomba orodha ya vikundi vya kata yetu na marejesho yao. Baadhi ya majina yalimfanya avue miwani. Tuliyaacha hapo, kwa sababu moja ya vikundi hivyo ni jirani zangu na sipendi kula pilau kwa shida.

Sasa nieleze tulipokosana. Mama Diwani alitaka asome safu zote nne kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya watu, na majina ya maofisa. Nikapinga majina, yakatolewa. Lakini kaunta buku lile lilikuwa na upungufu mwingine ambao sote wawili hatukuuona mpaka mkutanoni, pale mama mmoja muuza ndizi aliposimama na mtoto mgongoni: "Mheshimiwa, umesoma ya serikali, asante. Na yale yetu tuliyochanga?"

Kimya. Michango ya boma ilikusanywa na kamati ya wananchi, si halmashauri. Mtunza hazina alikwishafariki. Diwani angeweza kusema hilo halimhusu, na kisheria pengine angekuwa sahihi. Akageuza kaunta buku, akachora safu ya tano pale pale akiwa amesimama.

Siku chache baadaye mjane wa mtunza hazina alileta stakabadhi zote ndani ya mfuko wa rambo, mfuko wa kabla ya katazo la plastiki la 2019, umelainika kama kitambaa. Saruji, nondo, tripu za mchanga, posho za fundi. Nilijumlisha mara mbili. Kulikuwa na pengo dogo ambalo mtu aliyesimamia ujenzi wowote Kilimanjaro atalielewa: chakula cha mafundi hakina risiti. Taarifa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, katikati ya tangazo la chanjo na la kupotea ng'ombe. Huo ubao ndiyo mahali mapato na matumizi yanapotakiwa kukaa siku zote, na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 kwa anayetaka kuomba zaidi ya hapo. Ila ubao ule hauna sheria ya kuuzuia mvua.

Mvua, ndiyo. Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza El Nino. Ombi letu la pili kwa uzito lilikuwa kalavati na mtaro wa maji yanayoteremka kutoka juu, na hapa nataka mtu anielewe vizuri. Ukiomba mtaro Oktoba, ukakubaliwa Februari, fedha yake haiwezi kuanza kutumika kabla ya Julai. Uongeze zabuni, na mwaka ule ule serikali ilikuwa inahamia mfumo mpya wa ununuzi wa NeST ambao wengi walikuwa bado wanajifunza kuubonyeza. Maana yake hata kila mtu akifanya kazi yake vizuri, masika moja lazima ipite juu ya ombi lako. Ukikosa Oktoba, zinapita mbili. Na bajeti yenyewe hujadiliwa Februari, jua la kaskazi linachoma, mitaro imejaa vumbi na makopo. Si rahisi kumshawishi mtu kuhusu maji akiwa anajipepea kwa kabrasha.

Februari 2024 baraza lilikaa. Kata yetu ilipeleka mambo matano badala ya kumi na saba, kila moja na makadirio ya gharama pembeni, zahanati ikiwa na jina moja ambalo diwani aliomba liandikwe kwenye muhtasari kwamba halitabadilika. Zahanati ikaingia. Matundu ya vyoo yakaingia kwa nusu. Kalavati halikuingia, likaelekezwa TARURA, na TARURA ilikuwa na orodha yake ndefu. Akanyoosha mkono kupitisha. Nilimuuliza kwa nini, baada ya kelele zote zile. "Mwalimu, ningekataa kitabu kizima kwa ajili ya kalavati moja?"

Mimi ningekataa, au angalau ningeomba kutokukubaliana kwangu kuandikwe. Tumelijadili hili mara nyingi na hatujafikia mwafaka.

Aprili masika ya 2024 yakaja kwa nguvu, yakaleta mafuriko na vifo katika wilaya ya Moshi. Kwetu hakuna aliyekufa. Nyumba za chini ziliingia maji mpaka usawa wa vitanda, na matope yakabaki ukutani kama mstari wa penseli. Mama Diwani alikuwa huko na mabuti ya mvua toka duka lake, akibeba magodoro ya watu, na kila aliyempita alimuuliza habari ya kalavati. Alikuwa na haki ya kujibu kwamba aliliomba kwa maandishi. Sikumsikia akijibu hivyo.

Fedha ya zahanati iliingia robo ya tatu ya mwaka uliofuata. Mipapai ikakatwa, paa likapanda, bati za bluu. Plasta na milango vikabaki. Baraza likavunjwa Juni 2025 kupisha uchaguzi mkuu wa Oktoba, na hapa pana tundu jingine ambalo sijui nani atalizungumzia: uchaguzi wetu mkuu huangukia Oktoba, mwezi uleule ambao mipango inaibuliwa. Kila baada ya miaka mitano WDC inaingia msimu wa mipango bila mwenyekiti wake, na diwani mpya anaapishwa, anapewa kishikwambi, anatafuta choo kiko wapi, Februari hii hapa. Anapitisha kitabu ambacho mizizi yake haijui. Ndiyo maana kabla Mama Diwani hajaondoka tulikaa tena dukani tukanakili kaunta buku zima kwa mwandiko unaosomeka, na nakala akaniachia.

Mtendaji ameomba aipige picha, na amepiga kurasa zote ishirini na mbili. Mwenye haja nayo anakaribishwa kwangu, mchana, asije na kiu ya kubishana kuhusu vyama. Safu ya nne ya zahanati inasema: "Paa lipo. Milango hakuna. Nesi hakuna." Kalavati bado ni dashi, na barua mpya ya kwenda TARURA nimeshaiandika, inasubiri mhuri wa mwenyekiti, ambaye yuko Rombo msibani mpaka Jumatatu.